Telefone ni yako, lakini mulango ni wa nani?

Katika ukurasa huu wa mazungumzo ya jamaa tumezoea kuongea juu ya ndoa, juu ya malezi, juu ya feza ya nyumba. Mwezi huu tunaongea juu ya kitu kinacholala karibu na kichwa cha watu wengi usiku: telefone, ile kubwa ya kugusa na kidole.

Vijana wanatuuliza mara nyingi namna hii: "Pasta, telefone ni yangu, nililipa na franga zangu mwenyewe. Sasa nani tena anaweza kunikatalia kitu ndani yake?" Ulizo ni zuri. Na tusifikiri ni ulizo la watoto tu. Serikali za Ulaya, Uingereza, Marekani, Japani na Korea Kusini zinasumbuka nalo tangu miaka mingi, na kampuni kubwa zimekwisha kulipishwa amande za miliari juu yake. Basi tulichunguze polepole.

Programu-mama mbili kwa dunia yote

Ndani ya kila telefone kuna programu moja kubwa inayoamuru zingine zote. Hapa tutaiita programu-mama. Ni yenyewe inayowasha telefone, inayokubali ao kukataa programu ingine isitumie kamera, sauti ao majina ya watu uliowaandika humo.

Leo programu-mama zinazotawala dunia ni mbili tu. Ya kwanza ni iOS ya kampuni Apple, inayokuwa ndani ya iPhone. Ya pili ni Android ya kampuni Google, inayokuwa ndani ya karibu telefone zingine zote: Tecno, Itel, Infinix, Samsung na wenzake. Kila moja iko na duka lake la programu. Duka la iPhone, App Store, lilifunguliwa mwezi wa 7 mwaka 2008 na programu 500 tu. Kwa Android, duka kubwa ni Play Store.

Haikuwa vile tangu mwanzo. Wazee wanakumbuka Nokia zao ngumu, na wengine walitembea na BlackBerry. Microsoft pia ilijaribu na programu-mama yake, hata ikanunua kazi ya telefone ya Nokia mwaka 2014. Wote walianguka. Haikuwa tu sababu telefone zao zilikuwa mbaya. Soko lisilo na wauzishaji halipati wanunuzi, na soko lisilo na wanunuzi halipati wauzishaji. Mutu anayetengeneza programu anaitengeneza kwanza pale watu wako wengi. Na mutu anayenunua telefone anachagua ile iko na programu nyingi. Hivi mukubwa anazidi kuwa mukubwa, na mudogo anakauka. Katika Uingereza, ofisi ya Serikali inayolinda mashindano ya biashara, inayoitwa CMA, ilisema kwamba kati ya 90 na 100 kwa mia ya telefone za inchi ile zinatembea na Apple ao na Google.

Mufano mumoja wa chimbo

Sisi watu wa inchi ya madini tunaweza kufahamu jambo hili mbele ya wengine. Fikiri chimbo fulani. Wachimbaji ni 500. Kuna njia moja tu ya kutoka na mufuko, na kwa mwisho wa njia kuna depo moja tu. Mwenye depo ndiye mwenye mizani, ndiye anayesoma kipimo, ndiye anayesema bei. Mawe ni ya muchimbaji, jasho ni lake, lakini bei haiko yake. Siku depo ya pili inafunguka pembeni, mizani ya depo ya kwanza inaanza kusema kweli. Haikuwa mahubiri yaliyoigeuza. Ni jirani.

Sasa ongeza jambo moja. Fikiri mwenye depo anaanza naye kuchimba, na watu wake wanapita mbele bila kupanga mustari, mawe yao yanapimwa bila kukatwa kitu. Hapo mwenye njia amekuwa vilevile mushindani wa wale wanaopita kwa njia yake. Njo jambo lenyewe ambalo Serikali zinachunguza kwa telefone.

Ushuru unaojificha ndani ya bei

Tuangalie namna feza inavyotembea. Kijana anayetaka kuweka programu yake kwa duka la Apple analipa dola 99 kila mwaka. Kwa duka la Google analipa dola 25 mara moja. Haya si makubwa sana. Lakini kama anauzisha programu, ao anauzisha kitu cha kusoma, cha kusikiliza ao cha kucheza ndani ya programu, duka linakata sehemu yake. Kwa miaka mingi sehemu ile ilikuwa 30 kwa mia. Tangu mwaka 2021 kampuni hizi mbili ziliishusha mpaka 15 kwa mia kwa wale wadogo wenye kuuzisha chini ya milioni 1 ya dola kwa mwaka. Programu za bure hazilipi, wala mutu anayeita taksi ao anayenunua viatu kupitia telefone halipishwi ushuru huu.

Tuhesabu kidogo. Kijana anatengeneza programu ya kufundisha watoto hesabu, anaiuzisha dola 10. Kwa 30 kwa mia, dola 3 zinabaki mulangoni na yeye anabaki na 7. Kwa 15 kwa mia, mulango unachukua dola 1 na nusu. Mwenye duka atasema: "Mimi nilijenga soko, ninalinda, ninalipa wafanyakazi." Ni kweli, na kila soko liko na ushuru. Ulizo ni hili: nani anapanga kiasi cha ushuru, kama hakuna soko lingine ambapo muuzishaji anaweza kuhamia?

Sisi Wakongomani tunakumbuka RAM, yale malipo juu ya telefone yaliyoanza mwaka 2020. Watu waliona unite zao zinatoka, wakapiga kelele, jambo likafika mpaka Bunge, na mwaka 2022 yakaondolewa. Walipiga kelele sababu waliona. Ushuru wa duka la programu hauonekani. Uko ndani ya bei kama sukari ndani ya chai: unaonja bila kuona.

Na kulikuwa na kitu kibaya zaidi kuliko ushuru. Apple ilikataza programu za muziki, kama vile Spotify, kumwambia munuzi ndani ya programu: "Ukipita kwa ukurasa wetu wa intaneti utalipa bei ya chini." Tena Apple yenyewe inauzisha muziki, Apple Music. Ona basi: mulinzi wa mulango anakata feza ya muuzishaji, anamufunga kinywa asiseme bei ya inje, na yeye mwenyewe iko na meza yake ndani ya soko. Mwezi wa 3 mwaka 2024 Tume ya Ulaya iliipiga Apple amande inayopita miliari 1 na milioni 800 ya euro juu ya jambo hili.

Kiti cha kwanza

Kuna njia ingine ya kuongoza watu bila kuwakataza kitu. Ni kuweka programu yako kwa kiti cha kwanza mbele munuzi hajafungua karto ya telefone. Anapofungua, anakuta programu ya kutafutia habari imekwisha kuchaguliwa, programu ya kufungulia intaneti imekwisha kuchaguliwa, karta za njia zimekwisha kuchaguliwa. Anaweza kugeuza, ndiyo. Lakini ni wangapi wanageuza?

Kampuni zenyewe zinajua jibu, na tunalijua kwa sababu ya feza wanayotoa. Katika kesi ya Serikali ya Marekani na Google, ilionekana wazi kwamba Google ililipa Apple karibu miliari 20 ya dola kwa mwaka 2022 peke yake, ili iwe programu ya kwanza ya kutafutia ndani ya iPhone. Feza hizi zinapita bajeti ya Serikali yetu ya mwaka ule. Hakuna mutu anayelipa miliari 20 juu ya kiti ambacho watu wanahama kwa urahisi. Mwezi wa 8 mwaka 2024 mwamuzi Amit Mehta wa Washington alikata kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda utawala wake wa kutafuta habari. Mwaka uliofuata alikataza mikataba ya kufungia wengine mulango, lakini hakuilazimisha Google kuuzisha programu yake Chrome.

Mbele ya hapo, mwaka 2018, Tume ya Ulaya ilikuwa imepiga Google amande ya euro miliari 4 na milioni 340 juu ya Android. Sababu mojawapo ilikuwa hii: kampuni inayotengeneza telefone ikitaka Play Store, ilipashwa kuweka pia Chrome na programu ya kutafutia ya Google. Ni kama muuzishaji wa unga anayekuambia: hupati unga bila kununua chumvi yangu na sabuni yangu. Mwaka 2022 tribinali ya Ulaya ilipunguza kidogo amande mpaka euro miliari 4 na milioni 125, lakini kosa likabaki kosa.

Kupiga kisha kosa, ao kupanga mbele

Hapa kuna fundisho la maana juu ya sheria. Kesi ya namna hii inachukua miaka. Wakati tribinali inakata neno, mushindani mudogo amekwisha kufunga duka lake. Amande inaingia kwa sanduku la Serikali, lakini haifufui mufu. Kwa hiyo inchi nyingi zimeanza kuandika kanuni mbele, kwa wale wakubwa tu: mwenye mulango atafanya hivi, hatafanya vile.

Umoja wa Ulaya uliandika sheria yake mwaka 2022. Mwezi wa 9 mwaka 2023 ulitaja kampuni sita za kwanza kuwa walinzi wa mulango, Apple na Google ndani yao, na kanuni zikaanza kuwafunga tangu tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka 2024. Kutoka siku ile, kwa inchi za Umoja wa Ulaya, iPhone inapashwa kumwonyesha munuzi orodha ya programu za kufungulia intaneti ili achague mwenyewe. Inapashwa pia kukubali maduka mengine ya programu. Kisha muda mufupi, kampuni ndogo zinazotengeneza programu za kufungulia intaneti zilitangaza kwamba zimepata watumiaji wapya. Muchezo Fortnite, ambao ulifukuzwa kwa App Store mwaka 2020 sababu kampuni yake Epic Games ilijaribu kupokea feza bila kupita kwa mulango, ulirudi kwa iPhone za Ulaya mwezi wa 8 mwaka 2024, kupitia duka la Epic yenyewe. Na mwezi wa 4 mwaka 2025 Apple ilipigwa amande ya milioni 500 ya euro, sababu ilikuwa ingali inawazuia watengenezaji kuwaonyesha watu bei za inje.

Uingereza ilipita njia yake. Sheria ilikubaliwa mwaka 2024, ikaanza kazi mwezi wa 1 mwaka 2025. Tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka 2025 ofisi ya CMA ilitangaza kwamba Apple na Google ziko na nguvu ya pekee juu ya telefone, kwa muda wa miaka 5. Kutangazwa vile si hukumu ya kosa. Ni kama kumwambia dereva wa gari kubwa ya mizigo kwamba kwa barabara ya watu wengi atafuata kanuni ambazo mutu wa kinga hapashwi kuzifuata. Asipotii, amande inaweza kufika 10 kwa mia ya feza yote anayoingiza duniani.

Korea Kusini ilikuwa imetangulia wote mwaka 2021, ikakataza maduka haya kulazimisha njia moja tu ya kulipia. Japani ilikubali sheria yake mwaka 2024, na ikaanza kufanya kazi yote mwezi wa 12 mwaka 2025. Huku kwetu Afrika, tume ya mashindano ya Afrika ya Kusini ilitoa ripoti yake mwaka 2023 juu ya masoko ya intaneti, na maduka ya programu yalikuwa ndani ya uchunguzi.

Lakini sheria iliyoandikwa haitoshi. Kule Marekani, mwamuzi aliamuru Apple mwaka 2021 iwaache watengenezaji waonyeshe watu njia ya kulipia inje. Apple ilifungua njia, lakini ikaomba 27 kwa mia hata juu ya feza iliyolipwa inje. Mwezi wa 4 mwaka 2025 mwamuzi yule yule alisema wazi kwamba Apple haikutii amri yake. Wazee wetu walijua jambo hili: kuandika kanuni ni kazi ya siku moja, kuangalia kama inafuatwa ni kazi ya kila siku.

"Mulango ukiwa wazi, wezi je?"

Tusisikilize upande mumoja tu. Kampuni hizi ziko na neno la kujibu, na neno lao si la bure. Wanasema: "Tunafunga mulango sababu inje kuna wezi. Tukikubali kila duka na kila programu, mama atapoteza feza yake ya telefone kwa siku moja." Na sisi tunaona wizi ule. Kijana anapokea kwa kundi la WhatsApp programu fulani "nzuri kuliko ile ya kweli", anaiweka, kisha siku chache ujumbe unatoka kwa jina lake ukiomba watu feza. Google yenyewe ilisema kwamba programu zinazochukuliwa ovyo kwa intaneti ziko na hatari mara 50 zaidi kuliko zile za Play Store.

Tena kufungua mulango kuko na bei yake. Apple ilichelewesha mambo mapya kadhaa kwa watu wa Ulaya, ikisema ni sababu ya sheria ile. Wengine waliona ni kisasi, wengine waliona ni uangalifu. Kwa kila upande, munuzi wa kule alikosa kitu kwa muda.

Lakini tupime vizuri. Mulinzi wa kweli anakamata mwizi. Hakamati muuzishaji mwaminifu kwa sababu tu anauzisha bei ya chini. Bei ya inje si mwizi. Programu ya mushindani si ugonjwa. Na sheria ya Ulaya haikusema usalama uondolewe: hata programu zinazopita kwa maduka mengine, Apple inaendelea kuzichunguza kama haziko na sumu ndani. Basi mutu akikuambia unapashwa kuchagua kati ya usalama na uhuru, muulize kwanza: ni kazi gani hapa ni ya kulinda, na ni kazi gani ni ya kukata feza? Ukitenga mambo haya mawili, maneno mengi yanakuwa wazi.

Na sisi hapa?

Mutu anaweza kusema: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapana. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka kwa udongo wetu, na kobalti ile inaingia ndani ya betri za telefone. Tuko kwa mwanzo wa njia ya telefone, na tuko tena kwa mwisho wake, kama wanunuzi. Lakini kanuni za katikati zinaandikwa mbali, na mara nyingi zinatumika kule tu. iPhone ya Brussels inakubali duka la pili; iPhone ileile ikiwa Lubumbashi haipashwi na sheria ile kukubali. Uhuru wa munuzi umekuwa kama umeme: unategemea unakaa upande gani wa barabara.

Tuliona pia namna mulango unavyoweza kufungwa kutoka mbali. Mwaka 2019 Serikali ya Marekani ilizuia biashara na kampuni Huawei ya China, na telefone mupya za Huawei zikakosa Play Store na programu za Google. Betri ilikuwa nzuri, kamera nzuri, lakini wanunuzi wengi inje ya China waliziacha. Ni ugomvi wa wakubwa, lakini mutu wa Likasi ao wa Kolwezi aliyetaka telefone ile alipoteza chaguo moja bila kuulizwa kitu.

Na kuna jambo lingine la kufuata kwa macho. Hapa kwetu mega ni bei kali, na vijana wanapitishiana programu kutoka telefone mpaka telefone. Android iliacha kila mara mulango huu wa pembeni. Mwezi wa 8 mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba kila mutengenezaji wa programu za Android atapashwa kujiandikisha na kuhakikisha jina lake kwa Google, hata kama hapiti kwa Play Store; ilisema itaanza mwezi wa 9 mwaka 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kwa inchi zingine tangu mwaka 2027. Watengenezaji wengi wakapinga, na kisha Google ilisema itaacha njia kwa watu wenye ujuzi wanaokubali hatari wenyewe. Kujua jina la mutengenezaji kunaweza kusaidia kukamata wezi. Lakini ni vizuri kuuliza: mulango wa pembeni ukipita naye mikononi mwa mwenye mulango mukubwa, ni mulango gani tena unabaki?

Inchi yetu haiko bila sheria. Kuna sheria namba 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2018 juu ya uhuru wa bei na mashindano. Kuna kitabu cha sheria za mambo ya numeriki cha tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Tena Congo ni mwanamemba wa COMESA, ambayo iko na tume yake ya mashindano kwa inchi nyingi pamoja. Inchi moja peke yake ni mudogo mbele ya kampuni hizi. Inchi nyingi pamoja ni soko, na soko linasikilizwa. Vijana wanaosoma sheria kwa université zetu, hapa kuna kazi inayowangojea. Na wabunge wetu wanapokuja kuomba sauti zetu, tunaweza kuwauliza jambo hili sawasawa na tunavyowauliza juu ya barabara.

Mambo tunayoweza kufanya nyumbani

Tusingojee Serikali kwa kila kitu. Kuna mambo madogo ambayo jamaa inaweza kuanza nayo wiki hii.

1. Fungueni telefone pamoja, ingieni kwa mipango yake, muangalie ni programu gani zimekaa kwa kiti cha kwanza. Kama mumoja anapendelea ingine, ageuze. Kitu unachotumia kila siku, ukichague wewe mwenyewe hata mara moja.

2. Mbele ya kulipia kitu ndani ya programu, tafuteni bei yake kwa ukurasa wa intaneti wa kampuni ile. Mara zingine ni ileile, mara zingine ni chini.

3. Picha za jamaa, majina na namba za watu, msiziache kwa mahali pamoja tu. Wekeni sehemu kwa karta ya memori ao kwa ordinatere. Mutu ambaye vitu vyake vyote viko ndani ya nyumba moja hawezi kuhama.

4. Programu ikikufikia kupitia rafiki, uliza ilitoka wapi. Kama hakuna anayejua, usiiweke, zaidi sana kwa telefone unayotumia kutuma feza.

5. Kijana unayejifunza kutengeneza programu, tengeneza pia ukurasa wa intaneti wa kazi yako. Ukurasa unafunguka kwa telefone ya kila namna, na hauombi ruhusa ya duka.

Maulizo ya kuzungumza

Kisha chakula cha mangaribi, baba ao mama aulize maulizo haya, na watoto wajibu wa kwanza, sababu mara nyingi wanajua telefone kutupita.

Kwa soko letu, ni kitu gani kinauzishwa na mutu mumoja tu? Bei yake ikoje?

Mwenye soko akiwa na meza yake ndani ya soko, ni kanuni gani inaweza kumusaidia awe wa haki kwa wengine?

Kama mungepewa leo mulango wa pili kwa telefone yenu, mungeutumia? Na mungehakikisha namna gani kwamba anayesimama pale si mwizi?

Tuandikieni majibu yenu, zaidi sana ninyi vijana mnaojaribu kutengeneza ao kuuzisha programu. Tuelezeni ni wapi mulango ulifunguka na ni wapi ulifungwa. Majibu yatakayofaa wengi tutayaweka kwa ukurasa huu. Mukae na amani.